Karani, Mwambie Mama

Kwetu Chechelesi kulikuwa na mbuzi mwenye kazi ya ofisini. Jina lake Karani. Jina hilo nilimpa mimi, nikakaripiwa, lakini likashika. Alikuwa jike mweupe mwenye doa jeusi juu ya jicho la kushoto, na kazi yake ilikuwa kupeleka maneno kati ya mama yangu, Regina, na nyanya yangu, Akaale, yaani mama yake mama, ambao hawakuwa wamesemezana tangu 1969.

Usifikiri waliishi mbali. Kibanda cha nyanya kilikuwa ndani ya boma letu, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa nyumba ya mabati. Nilizipima mwenyewe. Kila asubuhi nyanya alitoka nje, akatema tumbaku, akajinyoosha mpaka shanga za shingoni zikalia, kisha akamgeukia mbuzi.

"Karani, mwambie huyo mwanamke wa mabati chumvi yangu imeisha."

Mama wakati huo anaosha sufuria pale pale, karibu kiasi kwamba akimwaga maji vibaya anamlowesha nyanya miguu. Lakini hajibu. Kulikuwa na adabu yake: lazima mbuzi kwanza ainue kichwa. Akiinua, barua imefika. Ndipo mama naye anasema:

"Karani, mwambie mama yangu chumvi iko kwa kopo ya Kimbo, pale inakaaga siku zote."

Nyanya amesikia kila neno, na bado anangoja mbuzi ainue kichwa mara ya pili. Karani akiamua kuondoka kufuata maganda ya viazi, basi, laini imekatika, mtaongea kesho.

Kabla ya Karani kulikuwa na mbuzi wengine wawili, kabla yao punda, na mwanzo kabisa, wanasema, sufuria. Kiangazi cha themanini na nne kilipotubana, tukila mahindi ya njano ya msaada, mbuzi wetu sita waliisha, wengine kwa njaa na wengine kwa mchinjaji. Baba akasema basi hata huyu wa mwisho aende. Mama na nyanya waligeuka wakamtazama kwa pamoja. Ndiyo mara pekee niliyowaona wamekubaliana, na hata hapo hawakuambiana.

Baba yangu, Lobokat, alikuwa mpishi katika kambi ya jeshi upande wa Burat. Aliweza kuwatuliza askari mia mbili wenye njaa, lakini wanawake wake wawili hao, mke na mama mkwe, aliwaogopa. Ukimuuliza waligombania nini anasema, "Mimi nilioa, sikuandikwa kazi ya ushahidi." Ukimuuliza mama anasema, "Uliza mbuzi." Nami nilikuwa nimemaliza fomu foo Novemba, nangoja matokeo, sina kazi, nina maswali. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwa boma lolote.

Sasa, katika boma hilo kulikuwa pia na Nakiru, miaka miwili na nusu, tumbo mbele kama diwani. Nakiru alikuwa mtoto wa dada yangu mkubwa, Asekon. Asekon alimzaa baada tu ya shule, na mtoto alipofika miezi sita akamwacha kwa mama, akaenda Garba Tulla kufundisha shule ya msingi. Alikuwa akija likizo na biskuti. Kwa hivyo ukimuuliza Nakiru mama yako ni nani, anakuonyesha Regina. Na Asekon? "Tichaa."

Januari ya themanini na tano, siku ya Jumanne, Asekon alishuka kwenye lori la Guleid, aliyebeba mizigo njia ya Garba Tulla, akiwa na sanduku la bati, viatu vya mchuchumio na vumbi mpaka kope. Nakiru alimwona akajificha nyuma ya sketi ya mama.

"Mama, nani huyo?"

Asekon akacheka, ile ya kuonyesha meno tu. Tulikaa ndani, chai ikamiminwa, baba akauliza habari za mvua huko, na nyanya akasogeza kiti chake mlangoni ili asikie bila kuingia. Asekon alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, nimepewa nyumba ya mwalimu. Iko na vyumba viwili." Akakizungusha kikombe. "Nimekuja kuchukua Nakiru. Guleid anarudi Jumamosi."

Mama alikuwa amesimama na birika. Akalirudishia kifuniko, akakigandamiza vizuri kama mtu anayefunga dawa mtoto asiione. Halafu akageuza uso mlangoni, ambapo Karani alikuwa ameingiza kichwa kutafuta chochote.

"Karani," akasema, "mwambie mgeni chai ikipoa si tamu."

Baba akainuka, akasema anaenda kuangalia paa. Paa lilikuwa zima.

Asekon mwanzo alifikiri ni mzaha. "Mama, si mimi ni Asekon? Niambie tu."

Mama akatazama ukuta. Mbuzi akainua kichwa. Barua ikafika.

Nje, Asekon alinivuta kwa mkono mpaka karibu na choo. "Akuam, ni nini hii?"

"Hongera. Umepewa karani."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Mama alipewa wa kwake mwaka wa sitini na tisa, na bado anamtumia. Wewe ukipanda hilo lori Jumamosi bila yeye kukuongelesha, utamsikia tena siku Nakiru atakapokuwa na wajukuu."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu wa kawaida, wa utani. Lakini Asekon aliketi juu ya jiwe na viatu vyake vile virefu, akaanza kulia kama mtoto aliyefungiwa nje. Nikaona, ah. Hii si ya kuchekea. Nilikuwa nimezoea kuona kimya cha mama na nyanya kama mtu anavyozoea mlima: uko tu, ulikuwa hapo kabla hujazaliwa. Leo ndipo nilipoona mlima ukizaa mwingine mbele ya macho yangu, na chai mkononi.

Jumatano nikachota tumbaku kidogo kwenye gunia la mama, ile aliyokuwa akiuza sokoni, nikampelekea nyanya kama hongo.

"Nyanya, nani alikufundisha kuongea na mbuzi?"

"Mbuzi anafundishwa?"

"Nauliza wewe."

Akaviringisha tumbaku, akaisukuma shavuni. "Mimi sikufundishwa. Mama yangu aliongea na jiwe la kusagia."

"Akimwambia nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Wewe, hiyo shule yenu walikufundisha neno moja tu?"

Lakini nyanya alipenda kuulizwa. Watu walikuwa wamemwogopa miaka mingi hivi kwamba hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa kama amekula. Akanieleza kwamba mtoto wake wa kwanza, mvulana, alimwacha kwa mama yake kule kaskazini alipomfuata mumewe aliyekuja kufanya kazi ya barabara. Baada ya miaka mitatu akarudi kumchukua. Mama yake akasaga mtama mchana kutwa, akiliambia jiwe: jiwe, mwambie huyu msichana mtoto hapendi maziwa baridi. Jiwe, mwambie huyu msichana, mtoto akikohoa, amsugue kifua kwa mafuta.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mama akafa." Akatema. "Jiwe liko bado, nafikiri."

Nikamsogezea tumbaku iliyobaki. Kisha nikauliza lile nililokuja kuuliza. "Na mama? Mwaka ule wa sitini na tisa?"

Nyanya alitazama upande wa nyumba ya mabati. Mama alikuwa sokoni.

"Regina alimzaa Asekon akiwa msichana. Akaniachia, akaja mjini, akapata Lobokat, akapata wewe. Mimi nilikuwa Burat na shamba langu. Asekon alikuwa anakaribia miaka mitano. Alikuwa analala hapa." Akapiga ubavu wake. "Alikuwa ananiita Akaale, kama mtu mzima mwenzangu. Siku moja Regina anakuja na gari ya padri. Amevaa gauni. Anasema, mama, nimekuja kuchukua mtoto wangu. Ni haki yake! Mimi nilisema si haki yake? Lakini nilijua nikifungua mdomo nitalia, na nikilia, yule mtoto atashika shuka yangu, na hakuna padri atamtoa. Basi nikaongea na sufuria. Sufuria, mwambie Regina nguo ziko kwa kikapu. Sauti ikatoka vizuri tu, kavu. Mtoto akapanda gari. Akanipungia mkono."

"Halafu?"

"Halafu nini? Ilikuwa ya siku moja! Nani anataka kuongea na sufuria maisha? Siku ya pili nikangoja Regina aje aniulize nimelalaje. Hakuja. Nikangoja mwezi. Hata salamu ya mtoto sikuletewa. Nikakasirika. Nilipougua mguu akaja kunileta hapa, nikaona, sasa nikianza kuongea nitaanzia wapi? Nitasema habari ya asubuhi, baada ya miaka mitano? Nikamwona punda amesimama."

"Umewahi kumwambia mama haya yote?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kwenda mwezini. "Kwa punda?"

Ningekuwa na akili ningemkimbilia mama sokoni nikamweleza maneno hayo jinsi nilivyoyapata. Lakini mimi akili yangu huwa inapenda kupita dirishani wakati mlango uko wazi. Nikaamua dawa ni kumwondoa mbuzi. Bila karani watafanyaje? Watalazimika kuongea.

Alhamisi asubuhi mapema nikamburuta Karani mpaka Kiwanjani kwa Qabale, yule mama wa Kiborana aliyetuletea maziwa, ambaye sote tulimwita Mama Sora.

"Salaam aleikum, Mama Sora. Nifichie mbuzi."

"Aleikum salaam. Umeiba?"

"Ni wetu. Ni mbuzi wa siasa."

Nikamweleza. Alisikiliza akiosha kibuyu cha maziwa kwa moshi, kama desturi yao, akicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaacha kucheka. "Huyo mama yenu mimi namjua miaka kumi. Nilifikiri yeye na mama yake wanapenda mbuzi sana tu." Akamfunga Karani kwenye mti wa boma. "Kwetu watu wakinyamaziana, majirani wanakuja wanakaa hapo. Wote. Tunakunywa maziwa yote ya nyumba mpaka waongee. Wanaongea haraka."

"Njoo basi mtukalie."

"Kwenu kuna maziwa? Si mimi ndio nawauzia?"

Nikarudi nyumbani nimejaa matumaini. Nyanya alitoka, akatema, akajinyoosha, akafungua mdomo, akaona kamba tupu. Akatazama huku na huku. Mama naye akanyanyua macho kutoka kwenye sufuria, akaiona ile kamba. Kwa muda walitazamana, uso kwa uso, na mimi nyuma ya mlango nikashika pumzi. Kisha nyanya akaingia ndani, na siku hiyo akala mboga bila chumvi. Mama hakuhangaika hata dakika. Asekon alipoingia jikoni, akaliambia jiko: "Jiko, mwambie mwalimu asiguse huo moto, atajichoma." Baadaye akazungumza na ndoo. Kabla ya saa sita alikuwa ameshaajiri ndoo, jiko na ufagio, ofisi nzima, na Asekon anamfuata nyuma, "Mama, Mama, tafadhali," kama ombaomba.

Saa kumi nikaenda kumrudisha Karani. Nilikuwa nimefunga posta nikitumaini watu watatembeleana, na walichofanya ni kuandika barua kwenye ukuta. Mama Sora alinikabidhi kamba, akaniuliza, "Wameongea?"

"Hapana."

"Basi shida si ya mbuzi," akasema, akaendelea na vibuyu vyake.

Ijumaa mama hakwenda sokoni. Alitoa nguo zote za Nakiru akazifua, hata zile safi. Karai lilikuwa katikati ya uwanja. Asekon alikuwa kizingitini akifumua nywele, hana tena nguvu ya kuomba. Nyanya alikuwa mbele ya kibanda chake. Mimi nilikuwa nachambua mchele, yaani nilikuwa naangalia watu.

Nakiru akaja, tumbo mbele. "Mama, uji."

Mama akaendelea kufua. Uso ulikuwa umeelekea ukuta.

"Mama. Uji."

Povu likaruka tu.

"Maaama!"

Mama akasugua kigauni ambacho kilikuwa kimetakata tangu juzi. Najua sasa kwamba hakuwa amekataa. Alikuwa hawezi kufungua mdomo. Lakini Nakiru angejuaje? Alisimama akafikiri, kidole puani. Kisha akamwendea Karani aliyekuwa amelala kivulini, akamshika sikio.

"Kalani," akasema, "mwambie Mama nataka uji."

Halafu akangoja. Hilo ndilo lililonimaliza. Alirudi hatua moja nyuma, akakunja mikono tumboni, akangoja mbuzi ainue kichwa.

Mimi, nisamehewe, nilicheka. Ilinitoka kabla sijaiona. Hakuna aliyenifuata. Nyanya alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Mama alikuwa amegeuka, povu likimtiririka mpaka kwenye viwiko, anamwangalia yule mtoto kama anayeangalia nyoka akitoka kwenye kikapu cha nguo.

"Nakiru, njoo."

Nakiru akamwangalia mbuzi kwanza.

"Njoo hapa! Ni mimi nakuita. Si yeye."

Mtoto akaja. Mama akamshika kwa mikono yake ya sabuni, akamwambia uji utapikwa, akamwambia tena, kama mara tatu, uji utapikwa, utapikwa. Kisha akainua uso.

"Asekon."

Ilikuwa sauti mbovu, ya redio iliyoisha betri. Asekon akaangusha kitana.

"Nina hasira na wewe," mama akasema.

"Ndio, Mama."

"Si hasira. Nimesema hasira kwa sababu sijui inaitwaje." Akajigusa chini ya mbavu, akaacha alama ya povu kwenye gauni. "Iko hapa. Inaniuma hapa tangu Jumanne. Ukimchukua huyu, mimi nikiamka asubuhi nitakoroga uji ya nani? Ya Lobokat?" Na hapo akalia. Nilikuwa sijawahi kuona mama akilia. Hakulia vizuri, hakuwa na mazoezi. Alilia kwa pua, kwa mabega, na kwa kelele kama ya pampu ya maji ikianza.

Asekon akapiga magoti kwenye matope ya karai. "Mama, sikujua. Ungeniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Nilikuwa naongea na ndoo."

"Basi nimwache? Nitamwacha, Mama. Mpaka akue kidogo."

"Hapana!" Mama alipaza sauti mpaka Karani akainuka. "Ukimwacha nitakutandika na ualimu wako. Mtoto ni wako. Utamchukua. Lakini wacha nilie. Wacha nilie hivi, nikikuangalia. Si kwa ukuta."

Wakabaki hivyo, mmoja amepiga magoti, mwingine ameinama, mtoto katikati ananyonya sabuni. Nilipogeuka upande wa kibanda, nyanya alikuwa ameingia ndani na mlango umefungwa, saa nne ya asubuhi.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalilainika. Nyanya alikuwa amesema ukweli: ukilia mbele ya mtoto, atakushikilia. Nakiru alimwona mama yake wa siku zote akilia akaelewa kuna jambo, na Jumamosi lori la Guleid lilipopiga honi mbele ya boma, alimshika mama shingoni kwa mikono na kiunoni kwa miguu. Asekon akimvuta, anapiga kelele za kuita polisi. Akamng'ata Asekon. Akamng'ata baba, aliyekuja kusaidia. Baba akarudi kuangalia paa.

"Mwalimu!" Guleid akaita kutoka dirishani. "Nina sukari hapa, jua linapanda!"

"Nakiru," mama akasema, uso umevimba, "sikiliza. Huyu si Tichaa. Huyu ndiye mama yako. Mimi ni mama yake yeye. Unaenda kwake."

"Sitaki!"

"Najua hutaki. Hata mimi sitaki. Tunaenda hivyo hivyo."

Nilisikia hiyo "tunaenda" nikafikiri ni kosa la ulimi. Mama akatembea mpaka kwenye lori na mtoto amemning'inia, akamwambia Guleid asogee, akaweka mguu kwenye gurudumu, akapanda. Na kandambili zake. Bila mfuko, bila kitambaa cha kichwa, na gunia la tumbaku limeachwa wazi jikoni.

"Mama, unaenda wapi?" nikauliza.

"Garba Tulla. Wiki moja, mpaka azoee. Mpikie baba yako."

"Baba ni mpishi!"

"Basi akupikie wewe."

Asekon akapanda akapenya katikati, anacheka na kulia, hajui achague gani. Guleid akawasha injini. Lile lori lilikuwa la zamani, likinguruma huwezi kusikia hata mawazo yako. Hapo ndipo mlango wa kibanda ulipofunguka na nyanya akatoka kwa haraka ambayo mguu wake haukuwa umeizoea, amekumbatia blanketi. Akasimama karibu na mbuzi.

"Karani, mwambie..." Midomo yake niliiona, sauti haikufika hata kwangu.

Mama akatoa kichwa dirishani. "Nini?"

"Karani, mwambie huyo..."

"Mama, sisikii! Gari inapiga kelele! Niambie mwenyewe!"

Guleid akatia gia. Nyanya akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Miaka kumi na tano na zaidi ilikuwa imekaa mlangoni mwa koo lile na lori lilikuwa limeanza kusogea.

"REGINA!"

Majirani walitoka. Nina hakika hata kambini walisimama wima.

"Regina! Blanketi! Huko kuna upepo, mtoto atakohoa!" Akalirusha. Likamfunika Guleid kichwa, lori likayumba, likakanyaga ua wa jirani kidogo, likaingia barabarani. Vumbi lilipotulia, nyanya alikuwa bado amenyoosha mkono, na alikuwa anahema kama aliyekimbizwa.

"Umesema naye," nikamwambia.

"Niliongea juu ya blanketi," akasema kwa ukali, akarudi ndani.

Mama alikaa siku tisa, si saba. Alirudi Jumatatu mchana, amekonda kidogo, amevaa viatu vya Asekon. Aliketi kwenye kibao mbele ya nyumba kabla hata ya kunywa maji. Nyanya alitoka kwenye kibanda, akasimama, akaangalia huku na huku kwa mazoea, kisha akavuka uwanja akaja akaketi chini, mgongo kwenye ukuta wa mabati, karibu na mama ila si karibu sana. Mimi nikainamia gunia la tumbaku nikawa na kazi nyingi ghafla.

Walikaa. Nilifikiri hawataweza kuanza bila mbuzi.

"Alilia?" nyanya akauliza. Aliiuliza ardhi, lakini ardhi haikuitwa jina.

"Nani, Nakiru? Alilia."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Ya tatu aliona watoto wa jirani wako na mpira, akasahau nusu. Siku ya nane alimwita Asekon mama, kwa bahati mbaya. Halafu akaniangalia."

"Ukafanya nini?"

"Nikatoka nje nikalia. Nikarudi."

Nyanya akatikisa kichwa polepole. Mama akavua kile kiatu cha kulia, akakitazama ndani, akakivaa tena.

"Asekon alilia tano," akasema.

Nyanya hakuelewa. "Sasa hivi?"

"Wakati ule. Nilipomtoa kwako."

"Alinipungia mkono," nyanya akasema. "Alikwenda vizuri. Niliona."

"Alikupungia. Tulipopita daraja na hakuoni tena, akaanza. Siku tano, Mama. Alikataa kula kwa mkono wangu. Alikuwa anaita Akaale, Akaale, mpaka Lobokat akasema tumrudishe."

Nyanya alikuwa amefungua kiganja na anakitazama. "Mimi nilifikiri alinisahau kwenye ile gari," akasema. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza nini? Ulichukua mtoto ukanyamaza kama umechukua jembe!"

"Na wewe uliongea na sufuria! Nikasema, sawa, hanitaki. Na tena..." Mama akasita, na sauti ikashuka. "Niliona aibu. Mtoto wangu mwenyewe analilia mtu mwingine. Nilifikiri ukijua, utafurahi."

"Ningefurahi," nyanya akasema. Halafu, baada ya muda, "Ningekuja."

Hawakukumbatiana, kama unangoja hilo. Mama alijipangusa pua kwa mkono. Nyanya akasogea, akasogea tena, mpaka bega lake likagusa goti la mama, akaliacha hapo.

"Niambie," akasema. "Zote tano. Anza na ya kwanza."

Mama akageuka akaniona. "Akuam, enda uchote maji."

"Ndoo zimejaa, Mama."

"Zimwage."

Nikazimwaga. Nikatembea kuelekea bombani kwa mwendo wa kinyonga, masikio yamebaki nyuma, na kabla sijafika kwenye mti wa barabarani nikamsikia mama akianza: "Ya kwanza ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimempikia wali..."